Siku makopo yetu ya mpunga yaliposhtakiwa, na mimi nikaitwa kusoma

Wakuu, hamjambo popote mlipo. Shikamoo zangu nazipokea mapema, maana nadhani wengi humu ndani ni wajukuu zangu.

Ninayoandika hapa nimeyaona. Nisipokumbuka nitasema sikumbuki, na niliposimuliwa nitasema nilisimuliwa. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, simu ni ya mjukuu. Mkiona kosa ni la kidole, au ni la darasa la nne, kwa sababu huko ndiko nilikoishia.

Kilichoniamsha ni homework.

Kitukuu changu yuko darasa la pili. Juzi amekuja na kazi ya huu mtaala mpya: panda mbegu kwenye kopo, iangalie kila siku, andika sentensi za kile unachokiona. Kusoma, kuandika na sayansi, vyote ndani ya kopo moja.

Baba yake akasema, "Hii CBC imetuletea mambo mageni kabisa. Zamani watu walisoma a-e-i-o-u wakatoka na akili zao."

Nilicheka mpaka wakaniletea maji ya kunywa.

Kazi yenyewe inatakiwa Ijumaa na mpaka sasa kopo halijapandwa, mwanangu mkubwa amekataza. Kwa nini amekataza? Hapo ndipo penye uzi, na lazima nianzie miaka ya hamsini. Mnivumilie.

Kwetu ni kijiji kimoja cha Wapokomo kando ya mto Tana, ng'ambo ya Kulesa na chini yake kidogo. Jina naliacha, wenyewe watajitambua. Garsen wakati huo ilikuwa kivuko cha kamba na maduka machache ya mabati. Si Garsen hii ya mabasi ya Lamu na Malindi.

Shule ilikuwa chumba kimoja cha udongo, madirisha ni matundu tu. Vitabu vya kusomea vilikuwa viwili kwa darasa zima. Nyumbani tulisema Kipokomo, kitabu kilisema Kiswahili, na picha zilikuwa za gari moshi.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona gari moshi. Tulidhani ni nyumba ndefu inayoungua na watu wamekataa kutoka.

Mwalimu wetu aliitwa Yona, kijana kutoka upande wa Ngao. Elimu yake ukiitazama kwa macho ya leo ilikuwa ndogo. Sisi tulimwona kama mtu aliyemeza kabati la vitabu.

Sasa akaja inspekta. Alikuwa Mzungu mrefu, Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu sote ukijumlisha na cha mwalimu. Akamchagua Dhadho, mwenzangu wa benchi, asome.

Dhadho akasoma ukurasa mzima bila kukwama.

Inspekta akakichukua kile kitabu, akakigeuza, akamrudishia. Kumbe kilikuwa kichwa chini. Dhadho akausoma tena ukurasa uleule, neno kwa neno, mara hii kwa sauti ya kupita kiasi kwa sababu alidhani mara ya kwanza hakusikika.

Inspekta hakucheka. Akamwambia mwalimu mbele yetu, "Watoto hawa hawasomi, wanaimba. Nikirudi nikakuta bado wanaimba, shule hii naifunga. Watakwenda Kulesa."

Mkuu unayesoma hapa unaweza kusema, Kulesa si hapo tu? Kulesa ilikuwa ng'ambo, na katikati kuna mto, na ndani ya mto kuna mamba. Mvulana angevushwa kwa mtumbwi asubuhi. Msichana angeambiwa akae asaidie mama yake. Nilikuwa mdogo lakini hesabu hiyo niliifanya palepale.

Likizo ile Mwalimu Yona akaitwa kwenye mafunzo ya walimu. Akarudi na jambo moja kichwani, na alilirudia mpaka baadhi ya wazazi wakadhani amebadili dhehebu.

"Mtoto asome alichokiona. Aandike alichokigusa."

Akaenda Garsen kwa mtumbwi, akarudi na makopo matupu aliyopewa na Abdi, Msomali mwenye duka. Nasikia Abdi alimwuliza makopo ni ya nini. Alipojibiwa ni ya kufundishia watoto kusoma, akamwongezea na biskuti, kwa kumwonea huruma.

Tukaambiwa kila mtoto ajaze kopo lake udongo wa bondeni na alete punje chache za mpunga.

Hapa nasimama kidogo nieleze mila yetu, la sivyo hamtaielewa kesi.

Katika kijiji chetu, sisemi Wapokomo wote, nasema kijiji chetu, mtu hapandi mpunga kwa kujiamulia. Mto unapanda, maji yanaingia mabondeni, yanaanza kushuka. Hapo anangojwa mzee mmoja mwenye kazi hiyo. Yeye anaweka mbegu ya kwanza, ndipo shamba limefunguliwa na wengine wanafuata. Ukimtangulia, mto unakasirika. Unaweza usipande kabisa, na mto usipopanda hakuna mpunga, na pasipo mpunga mtakula matunda ya mwituni na kutazamana.

Mzee mwenye kazi hiyo miaka ile alikuwa babu yangu, Babu Komora. Baba wa baba yangu. Aliniita "mke wangu" kama mababu wote, na nilipomkasirisha aliniambia atanirudisha kwetu. Kwetu kulikuwa nyumba ya pili kutoka kwake.

Mwalimu Yona hakuwa mgeni wa mila hii, hata kwao ipo ya namna yake. Lakini yeye alipotazama kopo aliona kopo. Nadhani hata mimi ningeona kopo. Sijui.

Mbegu nilimwomba bibi. Mbegu ya nyumba ilikaa ndani ya kikapu, juu ya moto, ili moshi uizuie isiliwe na wadudu. Bibi akaniangalia muda mrefu. Ilikuwa miezi ya njaa, mto uko chini, watu wanakula ndizi mbichi.

"Mwalimu anataka mpunga wa nini?"

"Wa kusoma, bibi."

"Basi asome kidogo," akasema, akanipa punje za kujaza ncha za vidole viwili.

Tukapanda. Kila asubuhi tulitia maji, tukakaa chini tukatazama. Mtoto mmoja anasema alichokiona, mwalimu anaandika ubaoni, sisi wote tunasoma, kisha tunaandika kwenye vibao vyetu. Ubao ukijaa, sentensi zilizopendwa alizinakili kwa mkaa kwenye karatasi za kufungia sukari, akazibandika ukutani.

Ya kwanza kabisa aliisema Dhadho, kwa sauti yake ileile ya gari moshi: "Hili ni shamba letu!"

Mwalimu alifurahi sana. Akaiandika kwa herufi kubwa.

Wengine tukafuatia. "Tumepanda mpunga." Baada ya siku kadhaa, "Mpunga umeota." Na mimi nikaongeza, "Mimi nimeona." Mwalimu akasema hiyo ndiyo sentensi kubwa kuliko zote. Mpaka leo sijui kama alimaanisha au alikuwa akinibembeleza, maana nilikuwa mtoto wa kulialia.

Kopo moja tu halikutoa kitu. La Dhadho.

"Mwalimu, langu niandike nini?"

"Umeona nini?"

"Sijaona."

"Basi andika haukuota. Sayansi ni hiyo hiyo."

Dhadho akaandika HAUKUOTA. Wakuu, lilikuwa neno lake la kwanza maishani kuandika bila kutazamia kwa jirani. Akaliandika tena na tena, kwenye kibao, mchangani, kwenye ubavu wa mtumbwi wa mjomba wake. Akapigwa kwa sababu ya huo mtumbwi.

Basi sisi tunasoma kwelikweli, na mto nao hauji.

Wiki zikapita. Maji badala ya kupanda yakazidi kushuka, mchanga ukatokeza katikati kama mgongo wa ng'ombe mwenye njaa. Waorma walileta mifugo kunywa, wakasema huko nyikani hali ni mbaya zaidi. Wazee wakaanza kuulizana: kuna nani aliyetangulia kupanda?

Wakatafuta bondeni kote. Hakuna jani.

Halafu Mzee Buya akapita karibu na shule. Mzee Buya alikuwa na sauti kubwa, na kwa haki yake niseme alikuwa pia na watoto wengi wenye njaa. Akatazama dirishani. Akaona mpunga umesimama kwenye mstari, kijani kibichi, ndio mpunga pekee uliokuwa hai mto mzima.

Alipiga ukelele mpaka tukadhani ni nyoka.

Gasa, yaani baraza la wazee, likakaa. Mimi sikuwepo, msichana angefuata nini? Babu alinisimulia baadaye, na Mwalimu Yona alisimulia yake. Nimezilinganisha na zinakubaliana isipokuwa sehemu ya nani alianza kupandisha sauti.

Mwalimu alijitetea kwamba kopo si shamba.

Babu akamwuliza, "Ndani mna nini?"

"Udongo, mzee."

"Wa wapi?"

"Wa bondeni."

"Ukatia nini?"

"Mpunga."

"Na maji unatia?"

"Kila asubuhi."

"Mwanangu, nisaidie. Mimi ni mtu wa zamani. Shamba kwenu lina nini zaidi ya hivyo?"

Mwalimu akasema shamba ni la kuvuna, kopo ni la kujifunzia tu. Babu akajibu, "Hata mimi mwaka wangu wa kwanza sikuvuna. Nilijifunza. Lakini nilingoja lifunguliwe."

Mzee Buya akataka mwalimu aondoke siku hiyohiyo. Babu akakataa. Akasema tusihukumu kwa maneno ya watu wazima, watu wazima wana mdomo. Tutakwenda shuleni, mtoto aulizwe kile ni nini. Akisema kopo, ni kopo. Akisema shamba, mwalimu apande mtumbwi arudi kwao, na shule ifungwe mpaka mto uje.

Wote wakaona ni haki. Hata mimi nikifikiria sasa naona ilikuwa haki. Ndiyo iliyonitia matatani.

Siku ya wazee ilipofika Mwalimu Yona aliingia darasani macho mekundu. Akafuta ubao. Akaandika: HILI NI KOPO LETU. Akatufundisha asubuhi nzima kwa bidii ambayo sijaiona tena kwa mwalimu yeyote. Kopo. Ko-po. Kopo letu.

Ile karatasi ya ukutani yenye shamba hakuibandua. Alisema ni kazi ya watoto. Ila aliitundikia koti lake juu. Simlaumu. Ningekuwa na makoti ningetundika mawili.

Wazee wakaja, wakakaa kwenye benchi la nyuma na fimbo zao katikati ya magoti. Babu alinikonyeza. Sikujua kama ni konyezo la babu au la hakimu.

Kabla hata hawajafungua mdomo, tukasikia watoto wadogo nje wanapiga kelele. Inspekta amefika.

Alitarajiwa wiki iliyotangulia, lakini maji yalikuwa machache na kivuko cha Garsen kilikwama mchangani, akasubiri mpaka akachoka, akaja kwa mtumbwi na sehemu nyingine kwa miguu. Alikuwa na matope mpaka magotini. Akawaona wazee, akafurahi sana, akawaamkia mmoja mmoja, akamwambia mwalimu, "Vizuri sana. Umewaita wazazi."

Mwalimu akasema, "Ndiyo, bwana."

Inspekta akatazama makopo, akayashika, akanusa udongo. Akatazama ubao: HILI NI KOPO LETU. Akatikisa kichwa kidogo. Nadhani alijua maandishi yale ni mabichi, chaki ilikuwa bado inaanguka.

Ndipo akaliona koti ukutani. Sijui Wazungu walifundishwa nini kuhusu makoti. Akasema, "Mwalimu, koti litashika vumbi," akalitoa kwa adabu, akalikunja, akamkabidhi mwenyewe.

Karatasi ikabaki wazi, herufi kubwa nyeusi.

Akaikaribia. Akasoma kimya kimya. Akageuka na kidole chake kikaanza kutembea juu yetu, na kikasimama kwangu.

"Wewe. Soma hii hapa. Polepole. Usiimbe."

Wakuu, nisaidieni. Nikisoma kilichoandikwa, babu atasikia shamba, na mwalimu anapanda mtumbwi. Nikisema kopo, inspekta ataona ninaimba kama Dhadho na gari moshi lake, na shule inafungwa. Pande zote mbili mimi naishia jikoni kwa mama.

Nilimtazama mwalimu. Alikuwa amekumbatia koti kama mtoto mchanga. Nilimtazama babu. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio limeelekea kwangu.

Nikasoma.

"Hili. Ni. Shamba. Letu. Tumepanda. Mpunga. Mpunga. Umeota. Mimi. Nimeona."

Watu wamesimulia habari yangu hii mara nyingi kwenye misiba na harusi kana kwamba nilikuwa shujaa wa ukweli. Sina hakika. Nilitafuta neno kopo kwenye ile karatasi, halikuwepo. Nilikuwa nimejua kusoma wiki tatu au nne tu, sikujua bado kwamba mtu anayejua kusoma anaweza pia kudanganya.

Halafu inspekta akapiga makofi. Na palepale, kutoka benchi la nyuma, Mzee Buya naye akapiga makofi.

Mmoja amepata wasomaji, mwingine amepata ushahidi. Inspekta akageuka akamtabasamia Mzee Buya, na Mzee Buya akamtabasamia inspekta. Sijawahi kuona watu wawili wakipatana hivyo.

Inspekta akachangamka. Akachukua lile kopo la udongo mtupu. "Na hili la nani?"

Dhadho akasimama. Akasoma kutoka kwenye kibao chake: "Haukuota."

"Safi! Kwa nini haukuota?"

"Mbegu nilizila njiani, bwana. Niliona njaa. Nikapanda udongo."

Inspekta akacheka sana. Alicheka peke yake. Alipogundua hivyo akaacha, akalitazama kopo, akawatazama wazee, na akalirudisha dirishani taratibu kwa mikono miwili. Sikumpenda yule bwana, lakini hilo nimemwekea.

Basi babu akasimama. Akazungumza Kipokomo, kisha Kiswahili chake cha kuokoteza ili mgeni asikie.

"Mtoto amesoma. Ni shamba."

Mzee Buya akasema, "Umeona! Apande mtumbwi!"

"Tulia, Buya. Ni shamba ambalo halijafunguliwa. Mtu akikosea njia humvunji mguu, unamrudisha njia panda. Litafunguliwa leo. Yote yaliyopandwa yang'olewe." Akanyoosha fimbo kwenye kopo la Dhadho. "Lile tu ndilo safi. Halina mbegu. Lile ndilo nitaanzia."

Mkuu, hebu fikiria. Katika darasa zima kopo pekee lililokuwa halali lilikuwa la yule aliyekula mtihani wake.

Tukaanza kung'oa. Mimi nililia, nakiri. Nilikuwa nimeshika mche wangu wa mpunga, udongo unadondoka miguuni, kamasi zinashuka. Watoto wote wakaanza kulia.

Hapo Mwalimu Yona, sijui alipata wapi akili, akaweka koti chini akasema kwa sauti, "Msitupe! Geuzeni juu chini. Mnaona nini huku chini?"

"Nyuzi, mwalimu," nikasema.

"Inaitwa mizizi. Kila mmoja ahesabu ya kwake. Mizizi. Mi-zi-zi. Andikeni."

Tukaandika huku tunalia. Wazee nao wakainama kutazama. Mzee Buya akachukua mche wa binti yake, akaulinganisha na wa jirani, akasema wa binti yake una mizizi zaidi. Wakabishana. Inspekta alisimama katikati ya chumba na matope yake, na nadhani alikuwa karibu kulia pia, lakini kwa furaha. Alidhani yote yale yamepangwa: wazee, kung'oa, kilio, mizizi. Alimwambia mwalimu hajawahi kuona somo limepangwa vizuri hivyo.

"Ndiyo, bwana," akasema mwalimu.

Babu akaweka punje moja kwenye kopo la Dhadho, akasema maneno yake ya siku zote, tukapanda upya miche yetu nyuma yake. Faini ya mwalimu ilikuwa kulimwagilia lile kopo mwenyewe kila asubuhi, mpaka mto uje.

Na mto ukaja. Si muda mrefu baadaye.

Babu alisema ni kwa sababu shamba lilifunguliwa inavyotakiwa. Mwalimu alisema ni mvua iliyonyesha huko juu milimani. Mzee Buya alisema ni kwa sababu yeye alichungulia dirishani. Mimi sina la kuongeza, nimepima na nimeshindwa. Mwaka uliofuata babu alifungua vizuri kabisa na mto ukachelewa vilevile, na hilo nalo naliandika ili niwe wa haki.

Mnaona shule ilipona. Mwalimu naye alipona, akapona kupita kiasi: alisifiwa sana huko juu hata akahamishwa kwenda shule kubwa, akawafundishe walimu wenzake kupanda makopo.

Tukaletewa mwalimu mwingine mwenye cheti. Mtu mzuri, msafi, hakuwahi kunipiga bila sababu. Makopo akayafanya ya kuwekea chaki. Tukarudi kwenye gari moshi.

Msimu wa kupanda ulipofika babu alikwenda shuleni na punje yake mkononi, kufungua shamba la shule. Akaambiwa mzee, hapa ni mahali pa masomo. Babu akauliza, "Na mimi nimekuja kufanya nini?" Akaomba basi apewe kopo la Dhadho, wakamwaga chaki wakampa.

Nilipotolewa darasa la nne kwenda kuamia ndege shambani, lile kopo lilikuwa barazani kwa babu. Kila msimu kabla ya kufungua bonde alipanda kwanza humo, punje chache kutoka kapu la mbegu. Akangoja. Kisha ananiita.

"Mke wangu, njoo uandike umeona nini."

Nami naandika kwa mkaa ukutani: UMEOTA. Au HAUKUOTA, na hapo babu hubadilisha mbegu kabla watu hawajapoteza kapu zima bondeni. Hakujua herufi hata moja, lakini maneno hayo mawili aliyatofautisha kwa urefu.

Hiyo ndiyo sekondari yangu, wakuu. Ndipo nilipozoea kuandika mstari mmoja kila siku wa nilichokiona, mpaka leo, hata siku ambayo sijaona kitu.

Babu alikufa, kazi ikaenda kwa baba, sasa iko kwa mwanangu mkubwa. Kopo limebadilishwa mara nyingi, lakini lipo. Vijana wa kijiji watakuapia kwamba ni mila ya mababu tangu mto ulipoanza kutiririka. Nimejaribu kuwaambia lilitoka kwa Abdi pale Garsen, na biskuti juu. Wananiambia bibi umezeeka.

Si zamani sana alikuja bwana shamba na pikipiki, kijana mstaarabu. Akatukusanya akatueleza teknolojia mpya: kabla hujapanda, jaribu mbegu zako kidogo kwenye kopo. Wazee wakamcheka. Wakamwambia hiyo ni mila yetu, hatufundishwi na serikali. Kijana akafurahi, akaandika: maarifa ya asili ya jamii. Nilikuwa nimekaa pale pale.

Sasa turudi kwa kitukuu na Ijumaa yake.

Nyumbani mbegu iliyopo ni mpunga, na mto bado uko chini. Mwanangu mkubwa amesema hakuna mtoto atakayepanda kwenye kopo lolote kabla yeye hajafungua, mila ni mila. Mtoto analia, kazi ya mwalimu inataka sentensi. Baba yake anasema tumdanganyie, tuchore mche tuandike umeota, mwalimu ana watoto wengi hatajua.

Nilimwita mtoto, nikampa kopo lenye udongo mtupu. Nikamwambia kaa ulitazame, kisha uandike ulichokiona.

Alikaa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Hivi ndivyo alivyoandika, kwa mwandiko wake wa kupanda na kushuka kama mawimbi:

"Hili ni shamba letu. Tunangoja. Mimi nimeona."

Sikumfundisha. Naapa.

Nililojifunza mimi, kama kuna nililojifunza, ni kwamba mtoto ukimpa kitu cha kutazama, kusoma kutamjia kwenyewe. Ila usidhani utachagua atakachosoma, wala nani atakuwa amekaa benchi la nyuma anasikiliza.

Walimu mliomo humu, mngempa alama ngapi? Na nyinyi wengine, kuna mila kwenu ambayo mkiichimba mtakuta kopo la duka chini yake? Leteni. Nasoma polepole, lakini nitasoma zote, na siimbi.